Mafua ya sungura ni nini hasa?

Waonyeshe wafugaji watatu sungura anayepiga chafya, na wote watatu watakupa neno moja: mafua. Dawa ndizo zitakazotofautiana. Wa kwanza atakutuma agroveti ukanunue dawa ya kuku ya unga ya kuchanganya na maji, wa pili atakwambia umpe kitunguu saumu, wa tatu atakushauri umchinje kabla hajakonda. Neno moja, dawa tatu, kwa sababu neno lenyewe halisemi mnyama anaumwa nini. Linataja kinachoonekana tu.

Ni kama mpangaji anayempigia mwenye nyumba simu kusema nyumba inavuja. Inavuja kutoka wapi? Bati limetoboka, bomba limepasuka, au tangi la jirani wa juu limefurika? Fundi akija na lami ya kuziba bati kumbe ni bomba, atashinda juu ya paa siku nzima na maji yataendelea kudondoka.

Kwa hiyo mafua ya sungura ni mkusanyiko wa dalili za njia ya juu ya hewa: chafya zinazojirudia siku baada ya siku, majimaji au usaha puani, mara nyingi macho yanayolengalenga, na wakati mwingine pumzi yenye mkoromo. Chafya moja moja hazimo humo. Sungura hupiga chafya maji yakimwingia puani anapokunywa, akizamisha uso kwenye nyasi kavu, au akijinawisha uso kwa viganja vyake. Hizo ziache.

Zile zisizoisha hazifai kupuuzwa, kwa sababu ya jinsi mnyama huyu alivyoumbwa. Mtu pua ikiziba hufungua mdomo na maisha yakaendelea. Sungura hupumua kwa pua. Ukimwona ameinua kichwa, amefungua mdomo, anatafuta hewa, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo, si ya kungoja Jumatatu.

Msichana wa jirani yangu hapa Nakuru, yuko gredi ya sita, anafuga sungura mweupe anayemwita Theluji. Mwezi wa Februari alinigongea mlango kabla ya kwenda shule.

"Anko, shikamoo. Theluji amepiga chafya usiku kucha. Mama anasema ni vumbi."

Mama yake alikuwa na sababu ya kudhani hivyo. Jina la Nakuru lenyewe husemwa limetoka kwenye Kimaasai, mahali pa vumbi, na aliyekaa huku kuanzia Januari hadi Machi hahitaji kutafsiriwa. Tukamtoa Theluji kizimbani. Pua ilikuwa safi kabisa, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakasema hana kitu. Nikamwomba msichana ampakate, nikageuza miguu ya mbele nitazame upande wa ndani. Manyoya ya pale yalikuwa yameshikana vishada vishada, ya manjano, makavu kama brashi iliyosahauliwa kwenye gundi. Sungura hujifuta kamasi kwa miguu ya mbele kila inapotoka, kwa hiyo pua inaweza kukudanganya lakini mkono hausemi uongo. Ukijifunza kitu kimoja tu kuhusu mafua ya sungura, jifunze kugeuza miguu hiyo.

Kutafuta chanzo ni kazi ya kuondoa kimoja kimoja, kuanzia kilicho rahisi kukiondoa. Rahisi kuliko vyote ni hewa anayoivuta. Nakuru iko juu, takriban mita 1,850, na usiku hupoa, basi watu hufunika kizimba kwa gunia au karatasi ya plastiki sungura asipigwe na baridi. Nia ni njema. Lakini mkojo wa sungura ukikaa kwenye vumbi la mbao alilotandikiwa hutoa gesi ya amonia, na amonia iliyofungiwa huunguza ngozi laini ya ndani ya pua. Vinyweleo vidogo sana vinavyofagia uchafu na vijidudu kutoka puani huharibika, na kijidudu kilichokuwa kimetulia kikapata mwanya. Kipimo chake hakina gharama. Asubuhi, kabla ya kusafisha, piga magoti, funua kizimba na uingize uso wako mpaka kimo cha uso wa sungura. Usinuse ukiwa umesimama, huko juu hewa ni nyingine. Mimi nilipofanya hivyo kwa Theluji macho yaliniwasha mara moja. Yeye alikuwa amelala humo usiku mzima.

Vumbi la mbao nalo lina lake. Lile jepesi la msumeno huingia puani moja kwa moja, na mbao za saiprasi na paini zinazotumika sana kwetu hubeba mafuta yenye harufu kali yanayoweza kuudhi pua. Nyasi kavu zilizoota kuvu ni hivyo hivyo: zikunje karibu na dirisha, ukiona moshi mweupe unaruka, usimpe. Kwa ndugu zetu wa Kisumu ningeanza kwingine, kwenye dawa ya mbu ya kuchoma. Anayelala na sungura chumbani akawasha ile koili kila jioni anamvutisha moshi mnyama ambaye hawezi kutoka nje. Kuna pia jiko la makaa, manukato, rangi mpya ya ukuta, na joto la ziwani, maana sungura huanza kutaabika joto likikaribia nyuzi 30 na pumzi zake zikaenda mbio.

Badilisha kimoja, ngoja siku kadhaa, ndipo ubadilishe kingine. Ukibadilisha vyote Jumamosi moja, atapona na hutajua kilichomponya, kisha mwezi ujao utarudia kosa lile lile.

Msichana alitupa vumbi la mbao, akatandika magazeti na nyasi kavu, akawa anabadilisha kila siku, akaacha upande mmoja wa kizimba wazi. Chafya zikapungua sana. Hazikuisha. Na sasa, kelele ilipopungua, kikaonekana kitu ambacho sote tulikuwa hatujakiona: jicho la kushoto lilikuwa na unyevu, na kamasi ilitoka tundu la kushoto tu.

Upande mmoja ni habari kubwa. Hewa mbaya huudhi matundu yote mawili. Vijidudu vinaweza kuanza upande mmoja, ila mara nyingi huenea kote. Kinachobaki upande mmoja wiki nzima kinakufanya uulize kama kuna kitu kimekaa pale. Inaweza kuwa mbegu au kipande cha jani kilichopanda puani, na hapo chafya huanza ghafla, kwa fujo, mnyama akijisugua uso. Inaweza kuwa jino.

Jino na pua vinakutana wapi? Sungura ana meno 28, na yote huota maisha yake yote. Ya mbele husogea karibu milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Kinachoyapunguza ni kutafuna, hasa kusagana kwa magego anapokula nyasi ndefu ngumu. Sungura wa mjini anayelishwa sukuma wiki na peleti, zile punje za chakula cha dukani, hushiba bila kutafuna vya kutosha. Magego yakikosa kusagika, mizizi husukumwa nyuma kuelekea kwenye mfupa. Sasa, mfereji unaoteremsha machozi kutoka jichoni hadi puani unapita jirani kabisa na mizizi ya meno ya juu. Mzizi ukiubana, machozi hufurika jichoni, uchafu hukwama, usaha hujikusanya, kisha unashuka puani. Mwenye sungura anaona kamasi na kusikia chafya, anasema mafua, anatibu mafua miezi mitatu.

Dalili za kukushtua ni jicho moja lenye unyevu, mate chini ya kidevu, kuchagua majani laini na kuacha mabua, kudondosha chakula. Pitisha vidole taratibu chini ya taya, upande na upande. Vivimbe vidogo vigumu ni mizizi ya magego ya chini ikijisukuma. Yote haya hayatoshi kuthibitisha, kwa sababu mzizi hauonekani ukifungua mdomo. Kinachothibitisha ni eksirei ya kichwa.

Nimeacha bakteria mpaka sasa kwa makusudi, maana ndio wanaolaumiwa kwanza. Anayejulikana zaidi ni Pasteurella multocida. Wapo pia Bordetella bronchiseptica, ambaye mbwa naye humbeba, na Staphylococcus. Ugumu ni kwamba sungura wengi wazima wana Pasteurella puani na hawaumwi chochote. Huamka mnyama akisumbuka: safari ndefu ya gari, msongamano, kuzaa, ile amonia. Kwa hiyo maabara ikimkuta, hiyo haimalizi kesi. Umempata mshukiwa kwenye tukio, bado hujajua nani alimfungulia mlango. Sampuli yenyewe inahitaji kijiti chembamba cha pamba kifike ndani sana puani, mara nyingi sungura akiwa amepewa dawa ya kumtuliza. Ukipangusa nje ya tundu utaotesha uchafu wa kizimba. Na ichukuliwe kabla ya antibiotiki yoyote, la sivyo dawa itakuwa imeshafuta nyayo. Maabara ikiotesha, iulizwe pia ni dawa ipi inayomuua kijidudu huyo. Kwa watu wa Nakuru, serikali ina maabara ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo hapa hapa mjini.

Hapo kwenye antibiotiki naomba tusimame. Dawa iliyobaki kwenye kabati za nyumba nyingi ni amoksilini ya watoto. Usimpe sungura kwa mdomo. Tumbo lake huendeshwa na jeshi la bakteria wema wanaomsagia nyasi. Amoksilini, ampisilini, penisilini ya kunywa na klindamaisini huwaua, wabaya wa jamii ya Clostridium wakazaana na kumwaga sumu, mnyama akaharisha na kufa ndani ya siku chache. Wengi hudhani mafua ndiyo yaliyomuua. Hata ile dawa ya kuku ya unga ni kubahatisha, kwa sababu sungura mgonjwa hanywi maji ya kutosha kupata kipimo. Madaktari wengi wa mifugo huku kwetu siku zao hupita kwa ng'ombe wa maziwa, basi si utovu wa adabu kumuuliza, "Daktari, umewahi kutibu sungura?" Mwenye uzoefu atafurahi umeuliza. Na sungura akiacha kula nusu siku, mpeleke bila kungoja jibu la maabara, maana tumbo lake likisimama litamuua upesi kuliko pua.

Wengine hawaponi kabisa. Usaha ukishakula vifupa vyembamba vya ndani ya pua, njia ya hewa haijengeki upya, na atabaki mtu wa chafya hata kijidudu kikiondoka. Vijidudu vikipanda sikioni, kichwa huanza kuinama upande. Ndiyo sababu anayenunua sungura mpya sokoni hufanya vyema kumtenga wiki mbili hadi nne kabla ya kumchanganya na wa nyumbani.

Eksirei ya Theluji ilionyesha mzizi wa gego la juu, kushoto, umerefuka na kuubana mfereji. Daktari alisawazisha magego, akasafisha mfereji kwa maji ya chumvi, akasema itabidi arudi kila baada ya miezi michache kwa sababu mzizi uliosogea haurudi. Antibiotiki alimpa baada ya sampuli. Peleti zimepunguzwa hadi kijiko kimoja kwa siku, na msichana sasa huja jioni kukata nyasi kwenye ua wangu, pamoja na nyasi kavu za boma rhodes wanazonunua kwa marobota. Miguu ya mbele ni mikavu. Akinywa maji bado hupiga chafya mbili tatu, na hizo hakuna anayenigongea mlango kwa ajili yake.