Tunda la kukata, hata likiwa la baridi: maswali ninayoulizwa kila wiki

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya kilicho jirani na soko, Dar es Salaam. Joto likipanda, wanaoharisha na kutapika huongezeka. Nikiuliza walikula nini, wengi hunijibu hivi: "Tikiti, nesi, lakini lilikuwa la baridi kabisa." Hiyo "lakini" ndiyo iliyonifanya niandike.

Matunda yana shida gani? Si tunaambiwa tule matunda kila siku?

Kuleni, tena kwa wingi. Shida inaanza tunda likishakatwa. Tikiti limelala kwenye udongo shambani, likarushwa kwenye lori, likamwagwa chini sokoni. Kisu kikipita juu ya ganda ambalo halijaoshwa, kinaburuta ule uchafu hadi ndani, kwenye maji na sukari. Nanasi lina uchachu unaowabana vijidudu kidogo. Tikiti na papai havina uchachu huo, na ndivyo vinavyouzwa zaidi vikiwa vimekatwa. Ongeza mkono uliotoka kupokea noti, na kile kitambaa kimoja kinachofuta kisu, meza na jasho.

Likiwekwa kwenye friji, baridi si inaua vijidudu?

Hapana. Baridi haiui vijidudu. Inavipunguzia kasi ya kuzaliana, basi. Tunda lililoingia kwenye friji na uchafu litatoka na uchafu uleule, ila sasa ni tamu zaidi mdomoni.

Vipo hata vinavyoendelea kuzaliana humohumo ndani ya friji, na kimojawapo kinaitwa listeria. Mwaka 2011 nchini Marekani, matikiti ya aina ya kantalupu yaliyokuwa na listeria yaliua watu 33. Hiyo ni nchi ambayo tunda husafiri kwa gari la baridi na kuuzwa katika duka lenye friji. Mama mjamzito asikilize hapa: listeria inaweza kumpa homa ndogo tu, halafu ikaharibu mimba.

Na likigandishwa kabisa kwenye friza?

Vijidudu vingi vinalala tu. Barafu ikiyeyuka, vinaamka. Narudia: baridi haiui.

Mimi ni muuzaji. Vikopo vyangu vinakaa kwenye boksi la barafu tangu asubuhi. Kuna kosa?

Dada yangu, kaka yangu, chungulia boksi hilo saa saba mchana. Barafu imekuwa maji, vikopo vinaelea, na chini ya kila kikopo kuna majimaji yenye ukungu. Tunda la kukata linatakiwa kukaa kwenye nyuzi 5 au chini ya hapo. Likikaa nje ya baridi hiyo kwa zaidi ya saa 2, usiliuze. Kwenye joto letu, bakteria mmoja anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Piga hesabu: ndani ya saa 7 huyo mmoja amekuwa zaidi ya milioni mbili.

Na hiyo barafu imetengenezwa kwa maji gani? Kama ni ya bomba yasiyochemshwa, au ya kisima, usiilaze chini ya vipande vya tikiti. Halafu ule mtindo wa kunyunyizia vipande maji ya ndoo ili ving'ae mbele ya mteja, naomba uishe leo. Kwa maji hayo unawagawia wateja kuhara.

Nikisuuza vipande nikifika nyumbani?

Haisaidii. Uchafu ulishaingia pamoja na kisu. Nunua zima.

Basi niuze vipi? Hii ndiyo kazi yangu.

Osha tunda zima kwanza, kwa maji safi, ulisugue ganda. Nawa mikono kwa sabuni. Mpokea hela asiwe mkataji. Kama uko peke yako, nawa tena kila baada ya kushika hela. Kisu na ubao viwe vya matunda tu, visiwe vilevile vya samaki. Jambo kubwa zaidi, kata kidogo kidogo. Kuna mama pale sokoni hapasui tikiti la pili hadi la kwanza liishe, na wateja wanamsubiri. Vipande vilivyobaki jioni havichanganywi na vya kesho.

Nimekula, naharisha. Nikinywa flajili nikalala, nione asubuhi?

Usisubiri asubuhi. Choo kikiwa maji matupu, hasa kikifanana na maji yaliyooshea mchele, hicho kinaweza kuwa kipindupindu, na kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache. Flajili haikitibu. Kinachomuua mgonjwa ni kuishiwa maji mwilini, kwa hiyo anza na maji. Koroga pakiti ya ORS kwenye lita moja ya maji safi na salama, unywe kidogo kidogo hata kama unatapika. Huna pakiti? Lita moja ya maji, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Wapo wanaomnyima mgonjwa maji "ili tumbo likauke". Acheni kabisa! Hivyo ndivyo tunavyoletewa watoto ambao hata mshipa wa kuwekea dripu hauonekani.

Macho yakidumbukia, mkojo ukikatika, misuli ikikakamaa, au mtoto akilegea na kukataa kunyonya, njoo saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, na uendelee kumnywesha ORS njiani.