Wadao wa Vietnam si Wayao wa Tunduru

Tuanze na jina, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Wadao ni watu wa milima ya kaskazini mwa Vietnam, kwenye mikoa kama Lào Cai, Cao Bằng na Tuyên Quang. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu 891,151. Jina lao hutamkwa "Zao", sawasawa na neno letu la zao la shambani. Wenzao wa China huandikwa Yao, na msomaji wa Kiswahili akikutana na jina hilo anawaza Tunduru na Masasi. Hakuna udugu hapo. Lugha ya Wadao iko katika jamii ya Kihmong-Mien. Kiyao cha kwetu ni Kibantu. Majina yamegongana tu.

Wengine hudhani Wadao wameitwa hivyo kwa sababu ya dini ya Dao (Utao) ya China. Kwa Kivietnam, jina la dini huandikwa kwa Đ yenye kistari, "Đạo", na hutamkwa kwa sauti ya d. Ni maneno mawili tofauti. Kinachochekesha ni kwamba ibada za Wadao kweli zimejaa mambo ya dini hiyo, pamoja na kuabudu mizimu ya ukoo.

Hilo linatufikisha kwenye dhana ninayoisikia zaidi: kwamba sherehe yao ya cấp sắc ni jando. Kwa juu juu zinafanana, kwa kuwa zote mbili humtoa mtu utotoni. Ila hapa hakuna tohara. Mwanamume hupewa jina la kiibada na hukabidhiwa askari wa kiroho wa kumlinda. Daraja huhesabiwa kwa taa: mwenye taa tatu hupata askari 36, wa taa saba 72, wa taa kumi na mbili 120. Makuhani hutundika picha za miungu ukutani, husoma na kucheza ngoma za ibada, na shughuli huweza kuchukua siku kadhaa. Umri nao si kigezo. Mvulana wa miaka kumi na kitu anaweza kupitishwa, huku mzee mwenye wajukuu ambaye hajapitishwa akihesabiwa bado mtoto mbele ya mizimu. Gharama ni kubwa, nguruwe si mmoja, kwa hiyo wapo wanaongoja miaka mingi.

"Watu wa milimani hawana maandishi." Si kweli. Makuhani wa Kidao wana vitabu vilivyonakiliwa kwa mkono, vyenye herufi za Kichina zilizorekebishwa na kusomwa kwa matamshi ya Kidao.

Kuhusu mavazi, picha za watalii waliokwenda Sa Pa, mji wa kitalii mkoani Lào Cai, zimetuaminisha kwamba kila mwanamke wa Kidao hufunga kilemba chekundu na kunyoa nyusi. Hao ni Wadao Wekundu, kundi moja tu. Wadao wa Sarafu huvaa sketi ya rangi ya nili yenye michoro ya nta ya nyuki, na sarafu za fedha shingoni. Wapo pia wa Suruali Nyeupe. Tarizi zao, kwa maoni yangu, zinastahili sifa kuliko kilemba: mshonaji hushona upande wa nyuma wa kitambaa, bila kuchora kwanza, na ua hujitokeza upande wa mbele.

Mwisho, ile ya kwamba Vietnam nzima hula mbwa. Wadao kwa desturi hawali. Hadithi yao ya asili humtaja Bàn Hồ, mbwa wa rangi tano aliyemuua mfalme adui, akaozwa binti wa mfalme wake mwenyewe, wakazaa watoto kumi na wawili: wavulana sita na wasichana sita. Koo kumi na mbili za Wadao hujihesabu kutoka kwao, kwa hiyo nyama hiyo kwao ni mwiko wa babu.