720,720: hela isiyobakiza chenji

Mbalamwezi ikiwaka, taa haziwavuti dagaa, kwa hiyo siku hizo mwaloni Kibirizi, huku Kigoma, watu hushona nyavu na kupiga soga. Ndipo mzee mmoja mwenye mitumbwi aliponikamata.

"Mwalimu, vijana wangu leo saba, kesho kumi na mmoja, keshokutwa kumi na watatu. Nitajie hela ambayo nikigawa sawa kwa sawa haibaki chenji ya kugombaniwa."

Nikaokota kijiti, nikaandika mchangani: 720,720.

Wakiwa 7, kila mmoja ana 102,960. Wakiwa 11, ni 65,520. Wakiwa 13, ni 55,440. Kuanzia mtu 1 hadi 16, haibaki hata senti. (Wakiwa 16 ni 45,045 kila mmoja, na sarafu ya shilingi 5 sijaishika siku nyingi. Watumie kwa simu.) Hii ni KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 1 hadi 16, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila moja, ile ile ya shule ya msingi. Huna haja ya kuzidisha namba zote kumi na sita: kwa kila namba tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe) chukua kipeo chake kikubwa kisichovuka 16, yaani 16 (2 × 2 × 2 × 2), 9 (3 × 3), 5, 7, 11 na 13. Zidisha hizo tu.

Mzee alichokitolea macho ni 720 kuandikwa mara mbili. Hapo pana siri tamu. Namba yoyote ya tarakimu tatu ukiirudia ubavuni mwake, umeizidisha kwa 1,001, na 1,001 ni 7 × 11 × 13. Jaribu 538,538: ukigawa kwa 7 ni 76,934 kamili. Kwa hiyo vijana wake saba, kumi na mmoja na kumi na watatu walishalipwa na huko kurudia; 720, ambayo ni 16 × 9 × 5, inawamalizia waliobaki.

Vigawo vya 720,720 ni vingapi? Namba 2 imo mara nne, hivyo unaweza kuichukua mara 0 hadi 4: njia tano. Namba 3 ina njia tatu. 5, 7, 11 na 13 zina mbili mbili. 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 ni 240. Chini ya 720,720 hakuna namba yenye vigawo vingi hivyo, na ya kwanza kuipita ni 1,081,080, yenye 256. Namba za ukoo huu, zenye vigawo vingi kuliko kila namba iliyo chini yake, ndizo Ramanujan, mwanahisabati wa India, alizoziandikia makala ndefu mwaka 1915.

"Na wakiwa kumi na saba?"

Hapo inakwama: kila mmoja 42,395, zinabaki 5. 17 ni tasa na haimo ndani. Kuiingiza lazima uzidishe yote kwa 17, ufike 12,252,240.

"Kwa dagaa gani, Mwalimu!"

Nikamwambia 18 haina shida, ni 2 × 9, zote zimo: 40,040 kila mmoja.

"Basi wakiwa kumi na saba, namwongeza mjukuu wangu."