Jirani anapojenga: yanayosemwa mpakani na yaliyo kweli

"Ukuta wa upande wangu ni wangu." Mji Mkongwe wa Zanzibar kauli hii inaumiza sana, kwa kuwa nyumba zimeegemeana. Ukuta mmoja wa mawe ya matumbawe na chokaa hubeba boriti za nyumba mbili. Anayetoboa upande wake apanue mlango anaitikisa dari ya mwenzake. Ndiyo maana kabla ya tindo kugusa ukuta hutakiwa ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa 1985.

"Saruji ni imara kuliko chokaa." Kwa nyumba ya matofali, sawa. Ukuta wa zamani lakini unapumua. Ukiupiga saruji upande mmoja, unyevu unaopanda kutoka chini hutafuta njia upande wa pili. Mtu huona chokaa chake kinabanduka na chumvi nyeupe imeota kama unga, naye hajagusa kitu. Ni ukarabati wa jirani.

"Dini imesema jirani asizuiwe." Hadithi ya Mtume aliyoipokea Abu Huraira, kwamba mtu asimkataze jirani yake kupachika boriti katika ukuta wake, ni sahihi, nami naipenda. Wanaoitaja huiacha ile nyingine: pasiwe na kudhuru wala kudhuriana. Boriti ipachikwe, na nyumba ya mwenzio isipasuke.

"Kusema ni kuvunja ujirani." Hili nimelelewa nalo. Jirani yetu alichimba msingi wa ghorofa kando ya ukuta wetu, shimo likashuka chini kuliko msingi wetu, na mama akanyamaza. Masika yakaja, udongo ukalegea. Ufa ulianza kwenye pembe ya dirisha, mwembamba kama uzi. Siku moja nikakuta mama amechora kistari kwa kalamu ya risasi pale ufa ulipoishia, na tarehe pembeni. Wiki mbili baadaye ufa ulikuwa umekipita kistari kwa shubiri nzima. Hapo ndipo alipomwita jirani na fundi wake ndani, akawapa chai, akawaonesha ukuta. Hawakugombana, kwani tarehe ilikuwa pale ukutani. Shimo likafukiwa, kisha likachimbwa kipande kidogo kidogo, kila kipande kikijazwa zege kabla ya kufungua kingine. Ukuta wetu uliharibika katika ile miezi ya kimya. Laiti tungepiga picha za kuta zetu siku mawe ya kwanza yaliposhushwa!

"Sheha akiridhia yamekwisha." Sheha, kiongozi wa serikali katika shehia, ni mlango wa kwanza na shahidi mzuri, mwendee mapema. Kibali cha ujenzi lakini hakitoki kwake, na mgogoro wa ardhi usiposuluhika shehiani huenda Mahakama ya Ardhi.

"Mnazi wa babu ndio mpaka." Mnazi huanguka. Tena kwetu mti unaweza kuwa wa mtu na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Mpaka unaotambulika ni ule uliopimwa, wenye bikoni, yaani alama za mpaka, na hati ya matumizi ya ardhi. Mpima aitwe kabla ya msingi kuchimbwa, na nyote wawili msimame pale anapoonesha.