Silaha Yako na Karatasi ya Kura: Ufafanuzi kwa Wamiliki wa Silaha Wazungumzao Kiswahili Nchini Marekani

Kadiri uchaguzi wa katikati ya muhula wa tarehe 3 Novemba 2026 unavyokaribia, idara yetu ya elimu katika chama cha wamiliki wa silaha imekuwa ikipokea maswali mengi kutoka kwa jamii zenye asili ya Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania zinazoishi Marekani, na karibu yote yanamhusu Rais: je, atazichukua bunduki zetu, au atazilinda? Wanaouliza wana nia njema. Hata hivyo, swali hilo linawaelekeza wapiga kura mahali ambapo sehemu kubwa ya uamuzi haifanyiki, na matokeo yake ni kwamba mtu anajaza nafasi za juu za karatasi ya kura, kisha anaacha wazi zile za chini ambazo ndizo zinazomgusa kila siku.

Rais hawezi kuyafuta Marekebisho ya Pili ya Katiba, yanayolinda haki ya kumiliki na kubeba silaha. Kuibadilisha Katiba kwa njia ya kawaida kunahitaji theluthi mbili ya kila baraza la Bunge la Marekani na kuridhiwa na majimbo 38, na mtu anayesema kwamba jambo hilo litafanyika kwa saini moja anawatia wenzake hofu isiyo na msingi. Anachoweza Rais ni kuteua majaji, ambao huthibitishwa na Seneti, na kwa sababu hiyo uchaguzi wa maseneta una uzito mkubwa kwetu. Ni Mahakama ya Juu iliyothibitisha mwaka 2008, katika kesi ya Heller, kwamba haki ya kumiliki silaha ni ya mtu binafsi. Ikaifanya haki hiyo iyabane majimbo na miji mwaka 2010. Na mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, ikatambua haki ya kubeba bastola hadharani kwa ajili ya kujilinda. Tunaiona haki hiyo kuwa ya thamani hasa kwa watu waliokimbia nchi ambako raia hakuwa na chochote cha kujikinga pindi wenye bunduki walipomjia usiku.

Mengine yote ambayo mmiliki hukutana nayo dukani na barabarani, yaani siku za kusubiri, uuzaji kati ya watu binafsi, idadi ya bastola unazoruhusiwa kununua kwa mwezi na kubeba bila kibali, kwa kiasi kikubwa ni kazi ya mabunge ya majimbo. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Virginia. Katika uchaguzi wa mwaka 2017, wagombea wawili wa eneo bunge la 94 la Baraza la Wajumbe, ambalo ni baraza la chini la bunge la Virginia, huko Newport News, walifungana kwa kura 11,608 kila mmoja. Kwa mujibu wa sheria, mwezi Januari 2018 majina yao yaliwekwa ndani ya vikopo vidogo vya filamu, vikatiwa katika bakuli la kauri, na ofisa wa uchaguzi akachomoa kimoja. Likatoka jina la Mrepublican, na chama chake kikabaki na wingi wa viti 51 dhidi ya 49. Julai 2019, gavana alipoitisha kikao maalumu kujadili sheria za silaha baada ya mauaji ya watu wengi kwa risasi katika mji wa Virginia Beach, wingi huo ndio uliokiahirisha kikao baada ya takriban saa moja na nusu bila kupitisha muswada wowote. Miezi minne baadaye wapiga kura waliwapa Wademokrati mabaraza yote mawili, na mwaka 2020 zikapitishwa sheria za ukaguzi wa rekodi za mnunuzi, kama za uhalifu, kwa mauzo yote ya silaha, kikomo cha bastola moja kwa mwezi na amri za mahakama za kuchukua silaha za mtu anayeonekana kuwa hatari. Sisi tulizipinga. Lakini hatuwezi kumsikiliza kwa utulivu mtu aliyekaa nyumbani mwaka 2019 kisha akaja kulalamika mwaka 2020, kwa sababu mabadiliko hayo hayakutoka Washington.

Kaunti nyingi za Virginia zilijibu kwa kupitisha maazimio ya kujitangaza kuwa hifadhi za Marekebisho ya Pili, yaani maeneo yanayopinga sheria wanazoona zinakiuka haki ya silaha. Tunaheshimu hisia zilizoyazaa maazimio hayo, na mikutano yake ilijaa wananchi, lakini ni lazima tuseme wazi kwamba azimio la kaunti halifuti sheria ya jimbo, na mwananchi atakayeivunja sheria kwa kulitegemea atashtakiwa. Kinyume chake pia ni kweli: katika majimbo mengi sheria inazikataza halmashauri za miji kutunga kanuni zao za silaha, kwa hiyo mgombea udiwani anayeahidi kupiga marufuku bunduki mjini, au kuziruhusu kila mahali, mara nyingi anaahidi asichokuwa na mamlaka nacho. Mwulizeni ni kifungu gani cha sheria kinachompa uwezo huo.

Nevada inafundisha kuhusu nafasi nyingine inayopuuzwa, ile ya mwanasheria mkuu wa jimbo. Mwaka 2016 kura ya maoni ya kulazimisha ukaguzi katika mauzo ya watu binafsi ilipita kwa tofauti isiyofika kura 10,000, na kati ya kaunti zote ni Clark pekee, yenye mji wa Las Vegas, iliyoiunga mkono. FBI, shirika la upelelezi la shirikisho, ilikataa kufanya ukaguzi huo, na mwanasheria mkuu wa jimbo akatoa maoni kwamba wananchi hawawezi kulazimishwa kutekeleza lisilowezekana. Sheria ikalala. Baada ya uchaguzi wa 2018 kubadilisha gavana na mwanasheria mkuu, sheria mpya ilitiwa saini Februari 2019 na kuanza kutumika Januari 2020. Sherifu naye huchaguliwa na wakazi wa kaunti, na katika majimbo kama California ofisi yake ni miongoni mwa zinazotoa vibali vya kubeba silaha.

Sasa tuzungumzie fomu mbili ambazo watu wetu huzichanganya, kwa madhara makubwa. Mkazi wa kudumu mwenye grini kadi anaweza, kwa sheria ya shirikisho, kununua silaha. Hawezi kupiga kura katika uchaguzi wa shirikisho. Wapo wanaoamini kinyume chake kabisa, ingawa tumelieleza jambo hili mara nyingi. Dukani utajaza Fomu 4473, ambayo inauliza uraia wako, namba yako ya uhamiaji kama si raia, na kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Uongo katika fomu hiyo unaweza kumletea mtu kifungo cha hadi miaka 10, na kumnunulia silaha mtu ambaye sheria inamzuia kuwa nayo, awe kaka au shemeji, kunaweza kufikia miaka 15 chini ya sheria ya mwaka 2022. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au utalii, hazuiliwi tu kupiga kura bali kwa kawaida haruhusiwi hata kushika silaha, isipokuwa awe na ruhusa maalumu kama leseni halali ya uwindaji.

Fomu ya kujiandikisha kupiga kura hutolewa pia unapochukua leseni ya udereva, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1993, na hapo ndipo wasio raia hutia alama bila kusoma. Kudai uraia kwa uongo ili kujiandikisha kunaweza kuadhibiwa kwa kifungo cha hadi miaka 5, kupiga kura bila kuwa raia hadi mwaka 1, na vyote viwili vinaweza kumfukuzisha mtu nchini. Anayetiwa hatiani kwa kosa kubwa hupoteza haki ya kumiliki silaha, na katika majimbo mengi hupoteza pia kura yake kwa muda, hata kama tayari ni raia wa tajnisi. Subiri kiapo cha uraia, kisha jiandikishe.

Kuhusu siku yenyewe ya kura, kibali cha kubeba silaha hakikuruhusu kuingia nayo kila kituo. Texas, Arizona na Georgia, majimbo yanayojulikana kwa kuwapa wamiliki uhuru mkubwa, yanakataza silaha za raia vituoni, na Georgia inaongeza umbali wa futi 150. Vituo vingi viko shuleni, na sheria ya shirikisho inakataza silaha ndani ya futi 1,000 kutoka shule, kosa lenye kifungo cha hadi miaka 5. Mwenye kibali kilichotolewa na jimbo hilo husamehewa katazo hilo la shirikisho, lakini anayebeba bila kibali katika jimbo lisilokidai hana msamaha huo, isipokuwa silaha iwe haina risasi na imefungiwa kwenye sanduku lenye kufuli. Ofisi ya karani wa uchaguzi wa kaunti itakueleza kituo chako kiko katika jengo gani, na ni vyema kuiuliza kabla ya siku ya kura.