Pantomimu ya ridhaa: wanayodhani watu na yaliyopo jukwaani

Kila Desemba na Januari, kumbi za vijijini Uingereza hujaa watu waliokuja kuwatazama majirani zao wakicheza pantomimu: mwalimu, fundi bomba, karani wa benki. Nimekaa nyuma ya pazia la ukumbi mmoja wa namna hiyo misimu minne, na kila nikisimulia nyumbani hunirudia maneno yale yale.

"Si maigizo bubu hayo?" Zamani, ndiyo. Mwanzoni mwa karne ya 18, mwigizaji John Rich wa London alicheza Harlequin, mhusika mchekeshaji, bila kutamka neno. Maneno yakaja baadaye, jina likabaki. Leo ni nyimbo, utani, Cinderella au Aladdin, na watoto mia wakipiga ukelele "Yuko nyuma yako!"

"Ridhaa tu, viwango vya nini?" Ridhaa maana yake mchezaji halipwi. Aliyekaa kwenye kiti amelipa, tena ametoka kwenye baridi na watoto watatu. NODA, chama cha vikundi vya ridhaa kilichoanzishwa mwaka 1899, kina wawakilishi wanaokuja kutazama na kuandika ripoti, na ripoti hiyo husomwa kikundini kama matokeo ya mtihani. Katika mashindano ya tamthilia fupi, majaji wa GODA, chama cha majaji wa maigizo, hugawa alama 100 hivi: uigizaji 40, uongozaji 35, mwonekano wa jukwaa 15, mafanikio ya mchezo kwa jumla 10. Itazameni hiyo 15. Kuna vikundi vinavyomaliza hela zote kwenye mandhari ya kasri, halafu binti wa mfalme hasikiki safu ya tano.

"Watazamaji wanapiga kelele, basi mchezaji ajibunie tu." Hili ndilo linaloua michezo mingi. Chukua kile kipande cha kupakana povu, watu wawili wanapopaka ukuta rangi na kuishia kujipaka wenyewe. Povu ni la sabuni ya kunyolea, kwa kuwa krimu ya maziwa inanuka na haitoki kwenye nguo. Sakafuni hutandikwa turubai. Sisi tulikirudia kipande cha dakika nne jioni sita: ndoo inasimama wapi, nani anainama kwanza, mkono upi unashika brashi. Usiku wa tatu mmoja akaona anogeshe, akageukia upande tusioufanyia mazoezi. Povu likamwingia mwenzake machoni, na wimbo uliofuata ukaimbwa na mtu anayetokwa machozi. Watazamaji walicheka, lakini kicheko hicho sikihesabu.

"Dame lazima afanane na mwanamke." Dame ni mwanamume ndani ya gauni na wigi, na utamu wote uko katika kumwona huyo mwanamume. Mchekeshaji Dan Leno alijijengea jina hivyo katika ukumbi wa Drury Lane, London, mwishoni mwa karne ya 19. Anayebana sauti ikawa nyembamba huchosha kabla ya mapumziko.

"Hadithi ni ya kale, haina mwenyewe." Cinderella haina. Mswada ulioandikwa mwaka juzi unaye, na kikundi cha ridhaa hulipia kibali kama wengine. Wala si mswada tu wenye sheria; watoto wanaoigiza nao wana zao: msimamizi mmoja haruhusiwi kuwaangalia zaidi ya 12.

"Mazoezi kamili hufika neno la mwisho." Mwaka wangu wa kwanza nilishika kitabu pembeni, nikiwakumbusha waliosahau. Mazoezi ya mwisho yalipokatika mistari miwili kabla ya tamati, nikadhani wamekwama, nikaanza kuwasomea kwa sauti. Ukumbi mzima ukanizomea. Kwa mila yao, beti hilo la mwisho halitamkwi hadi watazamaji wawepo. Mwongozaji, mtu anayepima sekunde za kila mlango kufunguka, akanijia na kukifunika kitabu changu kwa kiganja.