Kamati ya usalama isiyoruhusiwa kuuliza

Kazi yangu ni kukaa na kamati za usalama za mitaa pamoja na polisi wanaozihudumia, kuwasaidia kupanga namna ya kuzuia uhalifu na namna ya kushughulikia malalamiko dhidi ya askari. Kamati nyingi huanza kwa ari kubwa. Watu wanajitolea, zamu za doria zinapangwa, mkuu wa kituo anafika kikao cha kwanza na kuwahimiza wananchi watoe taarifa. Baada ya muda mahudhurio yanapungua, hadi wanabaki mwenyekiti, katibu na sura zilezile chache. Utaambiwa wananchi wamechoka, au hawana mwamko. Siyakubali maelezo hayo. Watu hawa walikuwa wameleta taarifa. Walitaja nyumba inayopokea mali ya wizi, wakataja kona wanayokabwa wapita njia. Hakuna aliyerudi kuwaambia taarifa zao ziliishia wapi, na walipouliza walijibiwa kwamba hayo ni mambo ya upelelezi.

Kwa kawaida kuzuia uhalifu na kuwasimamia polisi huwekwa katika mafungu mawili tofauti. Huku kuna kamati inayoshughulika na wezi, kule kuna chombo kinachoshughulika na askari waliokosea, na pande hizo mbili hazikutani. Naamini ni kazi moja. Kamati inayopokea maagizo tu, bila haki ya kuuliza na kujibiwa, inageuka kuwa tawi dogo la polisi lisilo na mafunzo wala mshahara, na uhalifu haiupunguzii kitu.

Nianze na doria, maana ndiko kila kamati inakoanzia. Polisi wa London walipoanzishwa mwaka 1829 chini ya Robert Peel, waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo, waliambiwa tangu mwanzo kwamba lengo lao kuu ni kuzuia uhalifu usitokee. Kwa miaka mingi ilichukuliwa kwamba njia ya kuzuia ni askari kuonekana wakizunguka. Kati ya Oktoba 1972 na Septemba 1973 polisi wa Kansas City, Marekani, walilipima jambo hilo. Walichukua maeneo 15 ya doria wakayagawa mafungu matatu. Katika fungu la kwanza doria ya kawaida iliondolewa, polisi wakawa wanaingia pale tu wanapoitwa. Katika la pili doria iliongezwa mara mbili hadi tatu. La tatu liliachwa kama lilivyokuwa. Mwisho wa jaribio, uhalifu katika mafungu yote matatu haukutofautiana kwa kiasi cha maana, wala hofu ya wakazi haikutofautiana. Miaka michache baadaye, mwaka 1978 na 1979, jaribio la doria ya miguu mjini Newark lilionyesha sura nyingine: uhalifu haukupungua, lakini wakazi walijiona salama zaidi na wakawatazama polisi kwa jicho jema zaidi.

Haya hayana maana kwamba doria ni kazi bure. Kisichozaa matunda ni doria isiyojua inakwenda wapi. Watafiti waliochambua simu zilizopigwa kwa polisi wa Minneapolis waligundua kuwa takriban asilimia 3 tu ya anwani za mji huo ndizo zilizotoa nusu ya simu zote. Tunaposema mtaa fulani una uhalifu, kwa kawaida tunazungumzia lango moja, kituo kimoja cha basi, kichochoro kimoja nyuma ya baa, tena kwa saa zinazojulikana. Wanaozijua saa hizo ni watu wanaopita hapo kila siku, na mara nyingi hawa ndio wasiopewa nafasi ya kusema kikaoni.

Mfano ninaourejea mara kwa mara ninapofundisha ni wa Kirkholt, eneo la nyumba za halmashauri huko Rochdale, Uingereza, katikati ya miaka ya 1980. Nyumba zilikuwa zikivunjwa kupita kiasi. Kabla ya kuongeza chochote, wahusika wa mradi walikwenda kuuliza. Waliwahoji waliovunjiwa, wakawahoji majirani zao, wakawahoji hata wezi wenyewe. Wakaona mambo mawili. La kwanza, nyumba iliyokwisha kuvunjwa ilikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuvunjwa tena kuliko nyumba ambayo haijaguswa. La pili, nyumba nyingi zilikuwa na mita za kutumbukiza sarafu za kulipia umeme na gesi, kwa hiyo mwizi alijua kwamba akiingia popote hakosi pesa taslimu. Hatua zikafuata kilichoonekana. Mita ziliondolewa, milango na madirisha ya waliovunjiwa yakaimarishwa mapema, na majirani wachache waliozizunguka nyumba hizo wakaombwa waziangalie. Katika miaka mitatu uvunjaji ulishuka kwa karibu robo tatu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo haikuhitaji kumkamata mtu yeyote, na ufunguo wake ulikuwa swali lililoulizwa kwa makini kabla ya nguvu kutumwa.

Taa nazo zina ushahidi mzuri. Mwaka 2016 katika maeneo ya nyumba za umma jijini New York, baadhi yakichaguliwa kwa bahati nasibu, iliwekwa minara ya taa, na makosa makubwa ya nje nyakati za usiku yalipungua kwa takriban asilimia 36. Huko Philadelphia, kusafisha viwanja vilivyotelekezwa na kuvipanda nyasi na miti kulipunguza matukio ya bunduki kwa takriban asilimia 29 katika mitaa maskini zaidi. Kamati inaweza kuyadai haya kwa halmashauri bila kumsubiri askari hata mmoja.

Lakini taa iwekwe wapi, na nyumba ipi imevunjwa mara ya pili, hujui mpaka watu waseme. Hapo ndipo mwenendo wa polisi unapoingia moja kwa moja katika hesabu ya uhalifu. Mwananchi aliyekwenda kutoa taarifa akaishia kuhojiwa kana kwamba yeye ndiye mtuhumiwa, harudi tena, na jirani yake aliyesikia kisa hicho haendi kabisa. Watafiti waliofuatilia simu za dharura mjini Milwaukee walieleza mwaka 2016 kwamba baada ya habari za kipigo kikali cha raia mikononi mwa polisi kuenea, simu kutoka mitaa ya watu Weusi zilipungua kwa zaidi ya mwaka mzima. Mwaka 2020 mtafiti mwingine alizipitia takwimu hizo upya na kuupinga uchambuzi wao, kwa hiyo sitaisimamisha hoja nzima juu yake. Ninachokiona mwenyewe kazini ni kwamba taarifa hukauka taratibu, kwa vijitukio visivyofika gazetini.

Sasa tuje kwenye ripoti ya mwezi. Mara nyingi ni karatasi moja yenye safu ya makosa, safu ya mwezi uliopita, safu ya mwezi huu, na asilimia ya ongezeko au upungufu. Mkuu wa kituo anaisoma, watu wanapiga makofi au wanaguna, kikao kinasonga mbele. Karatasi hiyo ina mengi kuliko inavyosomwa. Tuseme unyang'anyi umetoka matukio mawili ukawa matatu: ripoti itaandika ongezeko la asilimia 50, na mtaa utaingiwa na hofu kwa tukio moja. Tuseme taarifa za ukatili majumbani zimeongezeka baada ya kituo kuweka askari mwenye mafunzo wa kuzipokea. Ongezeko hilo laweza kuwa habari njema, kwa sababu waliokuwa wakiteseka kimya sasa wamepata wa kumwambia. Upungufu nao uangaliwe vilevile. Makosa yakishuka ghafla, ulizeni kwanza kama watu bado wanaandikishwa kwenye kitabu cha matukio au wanaambiwa waende wakayamalize nyumbani.

Kisha kuna maswali yasiyo na safu kwenye karatasi. Matukio yalitokea saa ngapi, siku gani, sehemu gani hasa? Wangapi kati ya waliovunjiwa hii ni mara yao ya pili? Kesi ngapi zimefika mahakamani? Na swali ambalo wajumbe huogopa kuliuliza: kati ya waliokamatwa, wangapi waliachiwa bila kushtakiwa? Chukueni msako uliowakamata vijana arobaini na kuwafikisha mahakamani wawili. Kwenye ripoti unasomeka kama mafanikio. Mtaani kumebaki vijana thelathini na wanane waliolala mahabusu bila kosa, kila mmoja na wazazi wake, ndugu zake na marafiki zake, na polisi watakapokuja wiki ijayo kutafuta shahidi wa mauaji watabisha hodi katika nyumba hizohizo. Kuuliza habari za msako huo ni kuulinda upelelezi ujao, na mkuu wa kituo mwenye busara analielewa hilo haraka kuliko wengi wanavyodhani.

Rejista ya malalamiko ni hazina nyingine inayoachwa kabatini. Kamati haihitaji majina ya walalamikaji wala ya askari. Inahitaji muhtasari: malalamiko yalihusu nini, yalitokea wapi, saa ngapi, na yaliishaje. Yakirundikana kwenye kizuizi kimoja cha barabarani jioni za mwisho wa wiki, tatizo hilo si la askari mmoja mkorofi, ni la usimamizi wa zamu hiyo. Nimezoea kuuweka muhtasari huo kando ya ramani ya taarifa za wananchi, na inafaa kila kamati ijaribu, kwa sababu sehemu yenye malalamiko mengi na sehemu isiyotoa taarifa mara nyingi huwa ni ileile.

Mambo mazito, kama kifo mahabusu au risasi iliyompata raia, hayafai kuchunguzwa na kituo kilekile kinacholalamikiwa. Ndiyo maana Kenya ina mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Ireland ya Kaskazini ina ofisi ya malalamiko yenye wapelelezi wake yenyewe tangu mwaka 2000, na Afrika Kusini ina IPID, kurugenzi huru ya kuwachunguza polisi, ambayo mwaka 2012 ilichukua nafasi ya chombo kilichoitangulia. Vyombo hivi ni muhimu sana. Hata hivyo viko mbali, na kero za kila siku hazivifikii: kukataliwa kuandikishwa taarifa, kuombwa hela ili gari la polisi litoke, kutopigiwa simu hata mara moja baada ya kuibiwa. Pengo hilo lizibwe hapahapa chini.

Chicago, Marekani, ni mfano wa safari ya kuliziba. Tangu mwaka 1993 ilikuwa na mpango wa vikao vya wakazi na polisi wa eneo lao, na vikao hivyo vilijadili mambo ya maana kweli. Mwaka 2021 jiji lilipitisha sheria iliyokwenda mbali zaidi, ikaunda mabaraza ya kuchaguliwa kwa kila wilaya ya polisi. Wilaya ni 22, kila moja na wajumbe watatu, na uchaguzi wa kwanza ulifanyika Februari 2023. Tofauti iliyopo kati ya kualikwa kusikiliza na kuchaguliwa kuuliza ni kubwa. Mjumbe aliyeteuliwa na mkuu wa kituo anajua nani anaweza kumwondoa, na anapima maneno yake hivyo. Kama kuna jambo moja ambalo ningelibadilisha kwanza katika kamati yoyote, ni namna wajumbe wake wanavyopatikana.

Haki ya kuuliza ina mipaka yake, na hapa nasema bila kupepesa. Kamati haipigi mtu, haimfungii mtu, haichomi mali ya mtu. Ukaguzi wa pamoja wa tafiti za ulinzi wa majirani ulionyesha kuwa mipango hiyo huendana na upungufu wa uhalifu wa kati ya asilimia 16 na 26, na msingi wake ni macho ya majirani na simu kwa polisi. Rungu halimo. Pia kataeni kabisa orodha ya "wahalifu wanaojulikana" kusomwa kikaoni. Jina likishatamkwa mbele ya watu halirudi, awe na hatia au asiwe nayo, na yanayofuata usiku huo hayana rufaa. Anayemshuku mtu aongee na polisi faraghani.

Na je, majibu yasipokuja? Wakazi wa Khayelitsha, nje kidogo ya Cape Town, walilipitia hili kwa muda mrefu. Vyama vya kiraia vililalamika kwamba polisi wa eneo hilo hawawajibiki na kwamba watu walikuwa wakiuawa na umati kwa sababu ya kukata tamaa. Mwaka 2012 iliundwa tume ya uchunguzi. Waziri wa polisi akaipinga hadi Mahakama ya Katiba, akashindwa, na ripoti ikatoka Agosti 2014. Moja ya mambo yaliyowekwa wazi ni namna askari walivyogawanywa: vituo vya maeneo maskini yenye mauaji mengi vilikuwa na askari wachache kwa idadi ya watu kuliko vituo vya maeneo tulivu yenye uwezo. Suala hilo likapelekwa mahakamani, na Desemba 2018 Mahakama ya Usawa ikaamua kwamba mfumo huo wa kugawa polisi uliwabagua watu Weusi na maskini.

Hakuna doria ya wananchi ambayo ingeufichua mgawanyo huo. Uliwekwa hadharani na watu walioomba takwimu, wakanyimwa, wakaomba tena. Swali la askari wangapi wamepangiwa eneo lenu, na kwa kigezo gani, linaweza kuingia kwenye kumbukumbu za kikao chenu kijacho, likiwa na jina la aliyepewa kulijibu na tarehe ya kulileta jibu kwa maandishi.